Doa la manjano na kabichi ya zambarau: kupima asidi kwa rangi za mimea

Aliyewahi kufua nguo yenye doa la manjano, kile kiungo cha mchuzi, ameshafanya jaribio la kemia bila kujua. Doa ni la njano, lakini ukilipaka sabuni ya kufulia linageuka palepale kuwa jekundu lenye ukahawia, na mtu hudhani nguo ndiyo imekwisha kuharibika. Suuza kwa maji mengi au kamulia limau, na unjano utarudi. Sabuni haikuongeza rangi yoyote. Ni rangi ya manjano yenyewe, kukumini, iliyobadilika ilipokutana na besi, yaani kinyume cha asidi.

Rangi za mimea zenye tabia hii huitwa viashiria. Molekuli zake hupokea au kuachia ayoni za haidrojeni (chembe ndogo zenye chaji ya umeme) kulingana na wingi wa ayoni hizo kwenye majimaji, na zikishabadilika hivyo, hufyonza mwanga kwa namna tofauti, ndipo jicho likaona rangi nyingine. Mwanakemia Robert Boyle alilieleza jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1664, akitumia sharubati ya maua ya vayoleti: ya buluu, ikawa nyekundu kwa asidi na kijani kwa alkali, yaani besi iliyoyeyuka majini. Kipimo cha pH tunachokitumia leo kilikuja baadaye sana, mwaka 1909, kutoka kwa mwanakemia Søren Sørensen wa maabara ya Carlsberg, Copenhagen. Katika kipimo hicho 7 ni kati kwa kati, chini yake ni asidi, juu yake ni besi. Kila hatua moja ni mara kumi, kwa hiyo maji ya limau yenye pH ya karibu 2 yana ayoni za haidrojeni mara elfu moja kuliko kinywaji chenye pH ya 5.

Kiashiria bora cha nyumbani, kwa maoni yangu, ni kabichi ya zambarau. Manjano hujibu swali moja tu: je, hii ni besi ya kutosha? Kabichi ina anthosianini, rangi zinazopita hatua nyingi. Katakata majani machache membamba, yamwagie maji yaliyochemka, yaache dakika 20, kisha chuja. Utapata maji ya zambarau iliyokolea. Yapunguze makali kwa maji safi mpaka uweze kuona upande wa pili wa glasi. Yakiwa mazito mno, mabadiliko madogo hayaonekani.

Sasa panga glasi angavu mbele ya karatasi nyeupe, zote ziwe na kiasi kilekile cha maji ya kabichi. Ya kwanza usiitie kitu. Hiyo ndiyo glasi ya kulinganishia, na ndiyo watu wengi wanayoisahau. Bila hiyo utabishana na kumbukumbu ya macho yako, na macho husahau rangi upesi sana. Pia, maji ya bomba ya sehemu nyingine yana ualkali kidogo, hivyo kabichi yako inaweza kuanza ikiwa ya buluu badala ya zambarau. Si kosa, ni mahali pako pa kuanzia. Tia limau kwenye glasi ya pili, siki kwenye ya tatu, soda ya kuokea mikate kwenye ya nne, maji ya sabuni kwenye ya tano. Limau huleta wekundu wa kung'aa, siki huja na waridi, soda ya kuokea huvuta kwenye buluu, na sabuni huisogeza rangi kuelekea kijani. Besi kali kabisa huifikisha kwenye njano. Majibu ya kabichi ni ya makadirio: yatakuambia kwamba kitu fulani kiko karibu na 3 au karibu na 9, lakini hayatatenganisha 8.2 na 8.6.

Kuna mtego mmoja ninaotaka uukumbuke. Dawa ya klorini ya kung'arishia nguo ni besi, na matone machache yanaweza kuonyesha ukijani kwa kitambo kidogo, lakini baadaye rangi yote hupotea na maji hubaki meupe au ya njano hafifu. Hapo kiashiria hakijakujibu. Klorini imeivunja molekuli yenyewe ya rangi, na kabichi iliyovunjika haipimi tena kitu. Kiazisukari chekundu nacho huwadanganya wengi kwa sababu ya rangi yake nzito: rangi yake ni ya jamii nyingine, nayo haibadiliki sana kati ya pH 3 na 7, kwa hiyo hakifai kutofautisha siki na maji.

Tena, rangi haisemi kama kitu ni salama. Siki ya kula na asidi ya kusafishia choo zote zaweza kuleta wekundu, na moja kati yake huunguza ngozi. Usionje chochote ulichokipima. Ukimaliza, mwaga glasi mojamoja kwa maji mengi, usizikusanye kwenye ndoo moja: dawa ya klorini ikikutana na asidi hutoa gesi ya klorini, na ikikutana na amonia hutoa gesi nyingine zenye sumu. Ukiwa na watoto, dawa za aina hiyo zibaki kabatini. Limau, siki, soda ya kuokea na sabuni zinatosha kabisa.

Ukitaka kuendelea, rudi kwenye ile glasi ya nne, yenye soda. Tia siki tone kwa tone huku ukikoroga. Mapovu ya kaboni dayoksaidi yatapanda, na ubuluu utalegea taratibu mpaka ufanane na glasi yako ya kulinganishia. Tua hapo kidogo uzitazame glasi mbili hizo zikiwa pamoja. Kisha ongeza siki kidogo tena, na uwaridi utaanza kuingia.