Kabla ya Kusema "Sheria Ikazwe", Tuambie Kifungu Gani

Tangu Sheria ya Mgongano wa Maslahi ya Kenya itiwe sahihi mwezi Julai 2025, dawati letu la elimu ya sheria kwa umma limekuwa likipokea barua nyingi zenye ujumbe mmoja: sheria za ufisadi zikazwe. Tunazishukuru. Anayeketi chini akaiandikia serikali kuhusu sheria bado ana imani na kitu fulani, hata kama barua yenyewe imejaa matusi. Shida ni kwamba nyingi hazina pa kwenda. "Wezi wafungwe maisha" ni hasira, tena hasira ya haki, ila mwandishi wa miswada hawezi kuikata vipande akaiita kifungu cha 1, 2 na 3.

Nianze na adhabu, maana hapo ndipo tunapopotezeana muda. Kila kikao lazima atokee mtu wa kuniambia kwamba Kenya mtu akiiba mamilioni hutozwa milioni moja na kwenda zake nyumbani. Sivyo. Sheria ya Kupambana na Ufisadi na Uhalifu wa Kiuchumi ya 2003, kifungu cha 48, inaweka faini isiyozidi shilingi milioni 1, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Wengi husoma hadi hapo wakafunga kitabu. Msifunge. Kifungu hicho hicho kinaongeza faini ya lazima pale ambapo faida aliyopata mkosaji, au hasara aliyomsababishia mwingine, inaweza kuhesabiwa: faini hiyo ni mara mbili ya kiasi hicho. Aliyejinufaisha kwa shilingi milioni 20 anadaiwa milioni 40 juu ya adhabu ya kwanza. Kifungu cha 62 kinamsimamisha kazi afisa wa umma aliyeshtakiwa, kwa nusu mshahara. Kifungu cha 64 kinamfungia aliyehukumiwa nje ya utumishi wa umma, wa kuchaguliwa na wa kuteuliwa, kwa miaka 10. Kifungu cha 55 kinaruhusu mali isiyoelezeka kutwaliwa. Na tafadhali, Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi haifungi mtu. Inachunguza, faili linakwenda kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, na hukumu ni ya mahakama. Anayeiuliza Tume imefunga wangapi amebisha mlango wa jirani.

Kwa hiyo ukitaka kukaza sheria, usianzie kwenye adhabu. Zipo. Anzia mahali ambapo sheria ina tobo, na matobo hayo wananchi huyaona kabla yetu sisi tulio ofisini.

Hili nililifunzwa katika kikao kimoja cha kukusanya maoni, kwenye ukumbi wa kijamii ambao kipaza sauti kilikataa kuwaka na tukalazimika kupaza zetu. Mama mmoja muuza mboga alisimama akauliza, "Wakili, nikimtaja askari wa kaunti anayetukamua, kesho kibanda changu kitalindwa na kifungu gani?" Nilijibu kwa ufasaha kabisa. Nikamtajia kifungu cha 65 cha sheria ile ya 2003, kinachozuia mtu kushtakiwa au kuadhibiwa kazini kwa sababu ya habari aliyoipa Tume akiiamini kuwa ya kweli. Nikamtajia na kifungu cha 21 cha Sheria ya Hongo ya 2016: anayemshusha cheo mfichuzi (mtoa taarifa za ufisadi), kumfuta kazi, kumhamishia mahali pabaya, kumsumbua au kumtisha anaweza kutozwa hadi shilingi milioni 1 au kufungwa hadi mwaka mmoja.

Mama akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Kushushwa cheo? Cheo changu mimi ni nyanya."

Ukumbi ulicheka, na mimi nikacheka, ingawa swali lilibaki palepale. Vifungu vyetu vimeandikwa vikimfikiria mtu mwenye barua ya ajira. Kweli, neno "kumsumbua" linaweza kumfikia hata mwenye kibanda. Lakini faini inayolipwa inaingia hazina ya serikali. Mbao na mabati yaliyovunjwa hayarudi, na mkopo wa chama unaendelea kudaiwa. David Munyakei alikuwa na barua ya ajira, tena ya Benki Kuu ya Kenya, alipotoa nyaraka zilizosaidia kufichua kashfa ya Goldenberg, ya fedha za umma zilizolipwa kwa mauzo hewa ya dhahabu nje ya nchi, mapema miaka ya 1990. Alikamatwa, akapoteza kazi, na akafa mwaka 2006 akiwa maskini. Ikiwa karani wa Benki Kuu alipatwa na hayo, muuza nyanya ana kila sababu ya kuuliza anachouliza. Ndiyo maana wanaharakati wamekuwa wakidai sheria mahsusi ya kuwalinda wafichuzi, na ndiyo maana naona dai hilo lina uzito kuliko lile la vifungo vya maisha. Mjue tu kwamba mswada ambao haujapita huanguka muhula wa Bunge ukiisha, na kazi ikaanza upya. Anayedai sheria lazima ahesabu na kalenda ya uchaguzi.

Wiki mbili baadaye mama yule na wenzake walileta ombi lao, kurasa mbili zilizochanwa kwenye daftari la mtoto, alama za vidole zikiwa zimepangwa vizuri chini. Sentensi ya kwanza ilisema: "Sisi tumekuwa tukiwapa askari kitu kidogo kila Jumatatu." Chini yake majina kamili na nambari za vitambulisho.

Niliwazuia mlangoni. Chini ya Sheria ya Hongo, anayetoa na anayepokea wote ni wakosaji, na adhabu inafika kifungo cha miaka 10, au faini ya shilingi milioni 5, au vyote viwili. Waliandika ungamo wakidhani wanaandika malalamiko. Wenye ushahidi wa aina hiyo waone wakili kwanza, kisha wapeleke taarifa kwa wachunguzi. Ombi la kubadilisha sheria halihitaji jina la askari hata mmoja.

Linahitaji nini? Ibara ya 119 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi Bungeni ili sheria itungwe, irekebishwe au ifutwe. Kila mtu, maana yake hata mmoja anatosha. Sijui nani aliwaambia watu kwamba lazima sahihi zifike milioni. Sheria ya mwaka 2012 kuhusu utaratibu huo inakubali mwandiko wa mkono, kwa Kiswahili au Kiingereza. Lugha iwe ya heshima. Kusiwe na kufutafuta wala maneno yaliyoingizwa juu ya mistari. Sema kama umewahi kulipeleka suala hilo kwa mamlaka husika na ulijibiwa nini. Sema kama liko mahakamani. Malizia kwa kueleza waziwazi unachotaka Bunge lifanye. Weka jina, anwani, nambari ya kitambulisho, na sahihi au dole gumba. Karatasi ikizidi moja, kila karatasi iandikwe suala linalohusika. Ombi huweza kukwama kwa hilo pekee, na ndiyo, najua linakera. Peleka kwa Karani wa Bunge. Kanuni za Seneti huipa kamati siku 60 tangu ombi lisomwe, kisha itoe ripoti.

Kuhusu maandamano sitasema mengi. Baadhi ya mambo ya Juni 2024, vijana walipoandamana kupinga Mswada wa Fedha, yamefika mahakamani, na waliozika watoto wao hawahitaji mhadhara wangu. Nitasema tu kwamba maafisa wanaowaambia vijana "acheni barabara, leteni ombi" waisome Ibara ya 37: kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha ombi kwa mamlaka ya umma, yote kwa amani na bila silaha, yamewekwa humo pamoja. Hakuna pa kuchagua kimoja.

Wala usidhani kutoa maoni ni sawa na kukubaliwa. Mwezi Oktoba 2024, katika kesi ya Sheria ya Fedha ya 2023, Mahakama ya Juu haikuona kuwa Bunge linafungwa kikatiba kueleza kwa nini limekataa pendekezo hili na kuchukua lile. Mnaweza kuudai wajibu huo uandikwe katika sheria. Hilo nalo ni ombi halali, na mimi binafsi ningelisoma kwa furaha.

Mama yule alirudi na karatasi safi. Safari hii aliomba mambo mawili: mfuko wa kumfidia mfichuzi asiye na ajira, na siku maalum ambazo mtoa taarifa lazima awe amejibiwa. Kila ukurasa ulikuwa na kichwa cha suala, umepigiwa mstari kwa rula.