Bastola ya upepo ya bei nafuu: spidi weka pembeni, anza na triga

Karibu kila wiki kuna mtu ananitumia picha ya bastola ya upepo aliyoiona mtandaoni na swali ni moja, "kaka hii vipi, inafaa?", na karibu kila mara picha ni ya aina ile ile, nyeusi, nzito, imefanana na bastola ya polisi kila kitu, chini wameandika spidi kwa herufi kubwa. Mimi nafundisha kulenga shabaha hapa Tabora, wengi wanaopita mikononi mwangu ni walinzi na vijana wanaoenda kulinda wanyama huko Ugalla na Moyowosi, kwahiyo silaha za moto ndo kazi yangu, lakini nimeshaona mara nyingi sana kwamba mkono unajengwa zaidi na kabastola kadogo ka upepo kanakopigwa uani kila jioni kuliko risasi chache za moto anazopewa mtu siku ya renji, yaani uwanja wa kulengea shabaha, halafu anakaa miezi hajashika tena.

Sasa kabla ya kuongelea aina, kuna suala la polisi na naomba usiliruke. Usisikie neno upepo ukadhani ni toi. Silaha hapa kwetu zinaongozwa na sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015 na mambo ya leseni yako chini ya Jeshi la Polisi, kwahiyo kabla hujalipia chochote, kabla hujamwambia shemeji yako aliyeko nje akuwekee kwenye begi, nenda ofisi ya mkuu wa polisi wa wilaya yako ueleze unachotaka, bastola ya upepo ya milimita 4.5 (huo ni upana wa risasi yake) kwa mazoezi ya shabaha nyumbani, uulize utaratibu na upate majibu kwa maandishi. Ununue kwa muuzaji mwenye leseni. Mzigo ukishashikwa airport au bandarini hapo hakuna maelezo tena. Na mwenyekiti wa mtaa na majirani wajue pia, maana jirani akichungulia juu ya ukuta akakuona umenyoosha bastola yeye hajui kama ni ya upepo.

Hiyo ndo sababu yangu ya kwanza ya kuzikataa zile zinazofanana na bastola halisi. Sababu ya pili ni kwamba nyingi zinapiga vigololi vya chuma badala ya peleti za ledi, yaani virisasi vidogo vya madini laini ya risasi. Mtutu wake ndani ni laini, hauna ile mikato ya kuzungusha risasi, kwahiyo hata ukilenga vizuri kigololi kinaenda kinakotaka. Na chuma hakibonyei, kikigonga kitu kigumu kinarudi na nguvu yake nyingi, kinakurudia usoni. Peleti ya ledi ikigonga inapondeka, nguvu nyingi inaishia pale pale. Kwa mazoezi ya nyumbani ambako ukuta uko mita 5 mbele yako na mtoto anaweza kutokea mlangoni muda wowote, vigololi vya chuma mimi siviruhusu kabisa.

Sababu ya tatu ni gesi. Hizo zinatumia vichupa vya gesi ya kaboni vya gramu 12, kimoja kinakupa milio kama 40 au 60 hivi kisha unatupa. Huku bara vichupa vyenyewe utavipata wapi? Kwenye ndege vinahesabika ni mzigo hatari, na unavyosubiri vifike kwa njia nyingine bastola imelala kabatini. Halafu gesi hii inafuata joto, kwenye nyuzi 20 presha ndani ya kichupa ni kama ba 57 (ba ni kipimo cha presha), kwenye nyuzi 30 inafika kama ba 72, sasa fikiria asubuhi ya mwezi wa 7 yenye baridi na mchana wa mwezi wa 10 hapa Tabora jua likiwa kali, ni bastola ile ile lakini peleti inatoka kwa spidi tofauti na inapiga sehemu tofauti, we mwanafunzi unadhani mkono wako ndo umeharibika. Mtu anayejifunza anahitaji kifaa kisichobadilika ili kosa likitokea ajue ni lake.

Zipo za springi pia, unakunja mtutu au unavuta, springi inakaza, ukifyatua pistoni inakimbia mbele. Hazitaki gesi, hilo zuri, ila pistoni ikikimbia na ikigota bastola nzima inaruka mbele na nyuma kabla peleti haijatoka mtutuni, na ile ya bei rahisi inaruka vibaya zaidi. Aliyekomaa ataimudu. Anayeanza itamfundisha kushtuka.

Za kupampu mara nyingi, mfano Crosman 1377 ya Marekani, ni ngumu kufa na naziheshimu. Unapampu kuanzia mara 3 mpaka 10, kwa uani mara 3 inatosha sana. Shida yake ni kwamba ukikosea hesabu ya kupampu nguvu inabadilika, na ukishapiga muda mkono unatetemeka kwa kuchoka, mkono ule ule unaotaka kulengea.

Kwahiyo ninayoipendekeza mimi kwa mtu mwenye hela ya kawaida ni ile ya kupampu mara moja tu. Unafungua sehemu ya juu, unaweka peleti moja, unairudisha ikijifunga inakandamiza hewa, unapiga. Basi. Haina gesi ya kununua, hairuki mkononi, na kwa kuwa pampu ni ile ile moja nguvu ni ile ile asubuhi na jioni. Inayojulikana zaidi kwa bei ya chini ni Beeman P17, kule Marekani inauzwa chini ya dola 100, imeigwa kutoka HW40 ya Weihrauch wa Ujerumani ambayo bei yake iko juu zaidi. Ipo pia Gamo Compact ya Hispania, hiyo ina mshikio wa mbao na ni ghali zaidi ila kwa shabaha tupu ni nzuri mno. Hizi zote zinatoa peleti kwa spidi ya kama mita 120 kwa sekunde na wengi wakisikia hivyo wananuna, wanataka 200. Ndugu yangu, karatasi haihitaji kuuawa. Peleti ya nusu gramu kwa spidi hiyo inatoboa karatasi safi kabisa kwenye mita 10, na bado inatosha kumpofua mtu jicho, kwahiyo miwani ya kukinga macho ni lazima kwako na kwa yeyote aliyesimama karibu, na kama bastola haijaelekea shabaha kidole kikae nje ya triga, yaani kifyatulio.

Ubaya wa P17 nao nauweka wazi. Kuifunga ile sehemu ya juu mwishoni inakuwa ngumu, dada mwenye mikono midogo atalazimika kutumia nguvu kweli, na ukishika vibaya inabana vidole, inauma sana. Shika mbele kabisa, kiganja chote, sukuma mara moja usisite katikati. Na oringi zake, vile vipete vya mpira vinavyozuia hewa, zinaweza kuanza kuvujisha, kwahiyo siku unaagiza bastola agiza na oringi za akiba hapo hapo.

Sasa twende kwenye triga maana ndo roho ya hii kitu. Ukipata nafasi ya kuishika bastola kabla ya kulipa, hakikisha haina peleti na haina hewa, ikoki, yaani itege tayari kufyatua, kama inaruhusu kukokiwa hivyo, geuza mtutu uangalie juu, halafu chukua chupa ya maji ya nusu lita iliyojaa, ifunge kamba, ining'inize kwenye triga taratibu. Chupa hiyo ni kama gramu 500, na gramu 500 ndo uzito wa chini kabisa unaoruhusiwa kwa triga kwenye mashindano ya kimataifa ya mita 10, hata wakaguzi wao wanapima kwa kuning'iniza uzito namna hii hii. Bastola ya bei nafuu ikiibeba nusu lita na kuachia kwenye lita moja au lita moja na nusu hiyo ni nzuri, nunua. Zile za gesi zinazofanana na za polisi, nyingi ukivuta triga bila kukoki kwanza zinataka zaidi ya kilo 3, na bastola yenyewe haifiki uzito huo, yaani unavuta kitu kwa nguvu kuliko uzito wa kitu chenyewe halafu unategemea kisicheze! Haiwezekani.

Ukimaliza uzito, sikiliza mwendo. Vuta polepole sana kama unaminya chunusi. Triga nzuri inatembea laini kidogo, inafika mahali inagota kidogo, unaongeza kidogo tu inaachia. Triga mbaya inakwaruza, inasita, inakwaruza tena, hujui itaachia wapi.

Baada ya triga ni vilengeo. Shika kile cha nyuma kwa vidole ukitikise, kikicheza achana nayo, na nikueleze kwanini nina ukali hapa. Kutoka kilengeo cha nyuma mpaka cha mbele kwenye bastola hizi ni kama sentimita 25. Ukienda mita 10 hiyo ni mara 40. Maana yake kilengeo kikihama milimita 1 tu, kule kwenye karatasi tundu limehama sentimita 4, umetoka kabisa kwenye duara jeusi la katikati ya shabaha. Lakini mkono wako mzima ukisogea pembeni milimita 1 huku vilengeo vimekaa sawa, tundu linahama milimita 1 ile ile tu. Kwahiyo ule mtikisiko wa mkono ambao kila mtu anaulalamikia siyo adui mkubwa hivyo, adui ni jicho kuiangalia shabaha. Jicho liangalie kilengeo cha mbele, kionekane kikali mpaka kingo zake, duara jeusi liache liwe na ukungu. Wanafunzi wangu hili linawachukua muda kuliko vyote, kwasababu macho yanataka kukimbilia kule peleti inakoenda.

Wengi mnaikumbuka ile picha ya Yusuf Dikeç wa Uturuki, Paris 2024, mkono mfukoni, miwani yake ya kawaida, akaondoka na medali ya fedha ya timu mchanganyiko pamoja na Şevval İlayda Tarhan. Ule ulikuwa mchezo huu huu, bastola ya upepo mita 10, uko Olimpiki tangu Seoul 1988. Watu walishangaa mkono mfukoni, lakini bastola kwenye mchezo huu inashikwa kwa mkono mmoja kwa sheria, mkono wa pili unatafutiwa tu mahali pa kutulia usivute bega. Jaribu nyumbani utaona mwili unavyotulia.

Uwanja wako wa nyumbani hauhitaji mita 10. Duara jeusi la mashindano lina upana wa milimita 59.5, sasa ukisimama mita 5 unahitaji nusu yake, karibu milimita 30, na hicho ni kizibo cha soda. Weka kizibo kwenye karatasi, zungushia kalamu, paka wino mweusi ndani, tundika usawa wa mita 1 na sentimita 40 kutoka chini kama wanavyotundika wao, jicho litaona picha ile ile inayoonekana kwenye mita 10. Siku ya kwanza usilenge kwa mkono, weka bastola juu ya mfuko wa mchele, piga tano. Matundu yote matano yakifunikwa na kidole gumba bastola yako ni nzima na kuanzia hapo yakitawanyika ni wewe.

Nyuma ya karatasi ndo watu wengi wanakosea. Usiweke ubao wa mninga. Najua huku kwetu mninga ndo mbao ya kwanza kufikiriwa lakini ni mgumu na peleti inaweza kukurudia, hata ukuta wa tofali mtupu sitaki. Tengeneza boksi la mbao laini lenye kina kama sentimita 30, lishindilie nguo kuukuu na magazeti mpaka likaze, karatasi ibandikwe mbele. Nyuma ya boksi ndo uwe ukuta mzima usio na dirisha wala njia, siyo fensi ya michongoma, maana peleti iliyokosa boksi inaweza kwenda zaidi ya mita 100. Mlango wa kutokea uani ufungwe, kuku wafungiwe, na watoto wasipige bila mtu mzima kusimama nao bega kwa bega.

Peleti chukua za kichwa bapa, milimita 4.5, zinakata tundu la duara safi unaweza kulihesabu, zilizochongoka zinachana karatasi tu. Nyingi ni ledi, na ledi ni sumu, kwahiyo usizishike mdomoni wakati unajaza hata kama umeona mtu anafanya, na ukimaliza nawa mikono kwa sabuni kabla hujagusa ugali. Zile zilizopondeka kwenye boksi zikusanye kwenye kopo lenye mfuniko, zisibaki uani ambako kuku wanadonoa.

Kwenye kuitunza, usiiache na hewa ndani usiku kucha, sili zinachoka. Sili zipake tone la mafuta ya silikoni mara moja moja, siyo oili ya pikipiki wala mafuta ya cherehani, hayo yanaweza kuharibu mpira. Vumbi letu la kiangazi ni jembamba na linaingia kila mahali, kwahiyo ifungie kwenye boksi lake, boksi liwe na kufuli, peleti zikae sehemu nyingine, na funguo usimwachie mtu.