Asali "iliyopimwa kwa mwanga" imepimwa nini?

Mara ya tatu mwezi huu naambiwa sokoni kwamba asali fulani "imepimwa kwa mwanga, haina sukari". Muuzaji wa juzi alinionyesha hadi chombo chenyewe, kwa nia njema kabisa. Kilikuwa refraktometa, kifaa cha kuchungulia kinachokadiria maji yaliyomo kwenye asali, nayo haiwezi kujua kama asali imechakachuliwa.

Kipimo cha mwanga kinachoweza kusaidia kutafuta uchakachuaji ni spektroskopia: hapa ni kupima jinsi kitu kinavyomeza mwanga, wimbi kwa wimbi. Basi. Spectrum ni neno la Kilatini, kitu kinachojitokeza machoni. Mwaka 1672 Newton alilitumia kwa ule mstari wa rangi unaotokea mwanga wa jua ukipita kwenye kioo cha pembetatu. Skopein ni Kigiriki, kutazama. Yaani mwanga utawanywe kwanza, ndipo utazame kipi kimepungua.

Refraktometa haifanyi hivyo. Unadondosha asali kwenye kioo chake, unafunika, unaelekeza dirishani, unachungulia: mpaka wa bluu na nyeupe umesimama, tuseme, kwenye 18. Hiyo ni asilimia ya maji, inayokadiriwa kutokana na mwanga ulivyopinda. Ni kipimo cha maana sana kwa mfuga nyuki, kwa sababu asali yenye maji mengi huchacha. Ila chemsha shira ya sukari mpaka iwe nzito kiasi hicho, na mpaka ule utasimama palepale.

Hata hilo la "haina sukari" si sawa. Karibu asilimia 80 ya asali ni sukari, hasa fruktosi na glukosi. Linalotafutwa ni kama imetoka kwa nyuki au kwenye mfuko wa dukani, na glukosi ni ileile kotekote. Kwa hiyo spektroskopia haina alama moja ya kumnasa mchakachuaji. Hutumia mwanga usioonekana kwa macho, wa jirani na wekundu, kisha hulinganisha mchoro mzima wa jinsi asali yako inavyoumeza mwanga huo na michoro ya asali zinazojulikana kuwa safi. Kama kwenye michoro hiyo hakuna asali ya nyuki wadogo wasiouma, ambayo kwa asili ina maji mengi kuliko ya nyuki wakubwa, mashine inaweza kuitilia shaka ingawa ni safi.

Kwa hiyo, ndugu yangu, sema tu "nimepima maji, ni asilimia 18". Kwa hilo peke yake nitanunua chupa.