Je, wajua kwa nini mji wa Einsiedeln una kunguru wawili kwenye nembo yake?

Waswahili husema kunguru hafugiki. Lakini huko Einsiedeln, mji mdogo katika jimbo la Schwyz nchini Uswisi, kunguru wawili weusi wamo kwenye nembo ya mji, na asili yao ni mtu anayesimuliwa kuwa aliwafuga. Ndege haohao wamo pia kwenye ngao ya abasia, yaani monasteri kubwa ya mji huo, ya Wabenediktini, shirika lilelile la watawa wa Peramiho na Ndanda. Basi nani alichukua kwa mwenzake, mji au abasia?

Katika karne ya 9, mmonaki Meinrad wa monasteri ya Reichenau aliingia msituni kusali peke yake. Watu wenye shida walimfuata hukohuko, naye akawapokea. Mwaka 861 wakaja wawili waliodhani sadaka za mahujaji zimemtajirisha. Simulizi yasema aliwapa mkate na divai, wao wakamuua. Kunguru aliokuwa akiwalisha wakawaandama wauaji, wakiwapigia kelele njia nzima mpaka Zürich, ambako walikamatwa na kuuawa.

Huyu si kunguru wa Dar es Salaam mwenye shingo ya kijivu. Ni mkubwa kuliko yeye, mweusi tii, mwenye mdomo mnene. Simulizi ni simulizi, lakini wanasayansi wamethibitisha kuwa kunguru humkumbuka mtu aliyewatendea vibaya. Mimi naona waliotunga ngao hii walichagua vizuri: hawakuweka simba wala upanga, waliweka mashahidi wa mwenyeji aliyeuawa na wageni wake.

Abasia ilianzishwa mwaka 934 pale palipokuwa na kibanda cha Meinrad. Jina Einsiedeln lenyewe latokana na neno la Kijerumani la mtu akaaye upweke. Kijiji kilikua pembeni yake kwa kuwalaza na kuwalisha mahujaji, na mtawala wake alikuwa abate, mkuu wa abasia, ambaye mwaka 1274 alipewa cheo cha mwanamfalme wa Dola Takatifu la Roma, himaya iliyotawala nchi za Wajerumani. Zamani hizo wachache walijua kusoma. Ngao juu ya mlango ndiyo iliyosema nyumba ni ya nani. Kwa hiyo mji ndio uliochukua, tena kwa mzazi wake.

Majengo yaonekanayo leo ni ya Baroko, mtindo wenye mapambo mengi: uso wa kanisa umebinuka mbele kati ya minara miwili, na dari ndani imejaa picha na mapambo ya plasta ya ndugu wawili wasanii, akina Asam. Ujenzi ulianza mwaka 1704 kwa ramani ya Bruda Caspar Moosbrugger, mtawa wa humohumo. Alifariki mwaka 1723. Kanisa likatabarukiwa mwaka 1735.

Mwaka 1798 majeshi ya Ufaransa yaliingia, yakabomoa kikanisa cha neema kilichosimama mahali pa kibanda cha Meinrad, na utawala wa abate juu ya mji ukaisha. Kunguru mji ukabaki nao.