Ndege na nyaya za umeme: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Ndege hapigwi shoti."
Tunawaona mbayuwayu wamejipanga wayani asubuhi, basi tunaamini hivyo. Wale wamenusurika kwa sababu miguu yote miwili imeshika waya mmoja, umeme haupati pa kupita. Tumbusi ni habari nyingine. Akitaka kuruka, hukunjua mbawa ambazo kwa tumbusi wakubwa hupita upana wa mita mbili. Zikigusa nyaya mbili kwa pamoja, au ubawa mmoja ukigusa waya naye amekanyaga chuma kilichounganishwa na ardhi, mwili wake ndio unaogeuka njia ya umeme. Akiwa amelowa mvua, hatari huzidi. Ukimkuta chini ya nguzo utadhani amelala. Akigeuzwa ndipo huonekana kidole kilichoungua na manyoya yaliyojikunja kwa moto.

"Hatari iko kwenye minara mirefu."
Huko nyaya zimeachana mno, na ndege hufa zaidi kwa kuzigonga akiwa angani. Shoti huua kwenye nguzo za kawaida, zile za kilovolti 11 au 33, ambako waya umekaribia chuma.

"Wanakufa wachache tu."
Hili ndilo linaloniuma. Karibu na Port Sudan, njia moja ya umeme yenye urefu wa kilomita 31 hivi, iliyojengwa miaka ya 1950, iliua tumbusi wa Misri kwa miongo kadhaa hadi ilipozimwa mwaka 2014. Ndege huyu huanza kuzaa akiwa na miaka mitano hivi, na kwa kawaida hutaga mayai mawili tu kwa mwaka. Pasipo na miti, nguzo ndiyo mti wake: akifa huyu, kesho anatua mwingine palepale.

"Dawa ni kuwafukuza."
Miiba ikiwekwa juu ya nguzo, mara nyingi ndege husogea tu, pengine mahali pabaya zaidi. Kinachosaidia ni kuvisha waya gamba la plastiki karibu na vikombe (vishikio vya waya visivyopitisha umeme), kuning'iniza vikombe chini ya mkono wa nguzo, na kutenganisha nyaya. Kwa tai, miongozo ya Marekani hutaja nafasi ya sentimita 150 kati ya nyaya. Hayo yafanywe nguzo ikiwa bado mchoro, maana kurudia kazi ni gharama. Na ndege mmoja akinaswa, umeme hukatika, hata nyasi kavu huweza kushika moto.

Ukimwona amekufa chini ya nguzo, usimshike na usipande. Nakili namba ya nguzo, piga picha, uwajulishe wenye laini hiyo ya umeme.