Maji ya Mfongo Hayatoki Kwenye Theluji

Kila kiangazi kamati za maji zinazosimamia mifongo, yaani mifereji ya asili ya Wachaga kwenye miteremko ya Kilimanjaro, kuanzia Machame hadi Marangu, huja na maelezo yaleyale: "Theluji ya kileleni Kibo inaisha, ndiyo maana mfongo wetu umekauka." Si kweli. Ubaya wa dhana hii ni kwamba inampa kila mtu ruhusa ya kukaa tu, kwani nani atapanda kileleni kuizuia barafu isiyeyuke?

Tupige hesabu. Mwaka 1912 barafu ya Kibo ilifunika takriban kilomita za mraba 12. Siku hizi hazifiki 2. Tuseme ni 2 kamili, na kila mwaka inayeyuka kiasi cha kutoa kina cha mita nzima ya maji, tena tone lisipotee. Hizo ni mita za ujazo milioni 2 kwa mwaka, yaani kama lita 63 kwa sekunde kwa mlima mzima. Sasa chukua mfongo wa upana wa nusu mita na kina cha sentimita 20, ambao kijiti kinachoelea kinapita mita 10 kwa sekunde 25. Zidisha upana, kina na kasi, kisha toa robo kwa sababu maji ya chini na pembeni huenda polepole: lita 30 kwa sekunde. Barafu yote ya Kibo, basi, ni mifongo miwili. Na hapo nimeipendelea, maana kule juu hewa ni kavu na ya baridi, na sehemu kubwa ya barafu hugeuka mvuke bila hata kupitia hali ya maji.

Njoo msituni sasa. Upande wa kusini, kwenye mwinuko wa kama mita 2,200, mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka. Kwa hiyo kilomita moja tu ya mraba ya msitu hapo inapokea mita za ujazo milioni 2, sawa na ile barafu yote. Msitu wa Kilimanjaro una takriban kilomita za mraba 1,000. Si kila sehemu inapata mvua kiasi hicho, na nyingine hurudi hewani, lakini inayobaki huzama kwenye nyufa za miamba ya volkano na kutokea chini kama chemchemi. Hayo ndiyo maji yanayonywewa Moshi, yanayolimisha mpunga Chekereni na kuteremka hadi bwawa la Nyumba ya Mungu.

Ndiyo maana moto unatisha kuliko jua la kileleni. Mipakani juu mwa msitu, kwenye kama mita 3,000, miti yenye ndevu za kijani hukamata ukungu na kuudondosha ardhini hata siku isiyo na mvua. Mioto ya Oktoba 2020 na Oktoba 2022 iliunguza vichaka vya juu; moto ukirudiarudia, mpaka wa msitu husukumwa chini na kinachobaki hakikamati ukungu kama miti ile. Kienge kimoja cha mlina asali kisichozimwa vizuri kinatosha.

Mfongo ukikauka, acha kutazama Kibo. Anza kwenye banio, pale mfongo unapochukua maji: je, mchanga umejaa, au kuna aliyefungua juu yenu usiku? Pima mtiririko kwenye banio na mwisho wa mfongo ndani ya saa moja, kwa kile kijiti. Tofauti ndiyo inayovuja au kuibwa, na mara nyingi inashangaza. Tafuta mashimo ya fuko kwenye kingo. Yazibe kwa udongo wa mfinyanzi wenye unyevunyevu, ukishindilia tabaka kwa tabaka. Saruji juu ya udongo uliolegea itapasuka msimu haujaisha.

Wengine husema: "Mti ni mti, tupande mikaratusi kwenye chemchemi ikue haraka." Inakua haraka kwa sababu inakunywa sana. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli zinazoharibu chanzo ndani ya mita 60, na chemchemi haihitaji mikaratusi ndani ya eneo hilo wala karibu yake. Iliyopo ikatwe na visiki vishughulikiwe, la sivyo vitachipua. Pandeni mikuyu na misesewe masika yakianza, siyo yakielekea kuisha. Wapenda mbege, pombe ya ndizi ya Wachaga, hawahitaji kushawishiwa kuhusu msesewe, maana gome lake hutiwa humo.

  

Dhana nyingine ni hii: "Maji ya mlimani ni safi, chemsha tu unywe." Kwa Arusha, hapana. Miamba ya volkano ya Mlima Meru, ulio jirani na mji huo, inatoa floraidi, madini yanayoharibu meno na mifupa yakizidi, na baadhi ya chemchemi na visima hupita mara kadhaa kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita cha Shirika la Afya Duniani. Kuchemsha kunaua vijidudu. Floraidi inabaki, na kadiri maji yanavyopungua sufuriani ndivyo inavyozidi. Ladha haitakuambia kitu, peleka sampuli maabara. Chujio la mkaa wa mifupa linafanya kazi, ila mkaa huo hushiba na lazima ubadilishwe. Rahisi zaidi ni maji ya mvua: paa la mita za mraba 50 na mvua ya milimita 800 hutoa kama lita 32,000, ukishatoa sehemu ya tano inayopotea. Familia ya watu 5 inayotumia lita 25 kwa siku kunywa na kupikia inavuka siku 150 za kiangazi kwa lita 3,750, kwa hiyo tanki la lita 5,000 linatosha. Mwaga maji ya mvua ya kwanza yanayoosha paa. Wapewe kwanza watoto walio chini ya miaka 8, kwani meno yao ya ukubwani bado yanajengeka ndani ya fizi. Na mama anayelainisha maharage kwa magadi ajue kwamba magadi nayo mara nyingi yana floraidi. Aloweke maharage usiku kucha badala yake.