Fonti ya mwandiko wako ni nini hasa?

Andika neno "wanapatana" kwa mkono, kisha zitazame zile a tano. Hazifanani. Moja imebanwa na w, nyingine imeegemea t, na ya mwisho imeachia mkia kwa sababu mkono umeshajua neno linaishia pale. Sasa lichape neno hilohilo kwa fonti iliyotengenezwa kutokana na mwandiko wako: a zote tano ni pacha. Fonti ya mwandiko ndiyo hiyo. Ni mchoro mmoja wa kila herufi yako, uliohifadhiwa ili kompyuta iurudie kila unapobonyeza kitufe.

Kwa kompyuta, herufi ni namba. A kubwa ni 65, a ndogo ni 97, uwe unachapa barua ya kazi au kadi ya harusi. Faili la fonti, lile ambalo jina lake huishia kwa .ttf au .otf, kazi yake ni kusema namba hiyo ichorwe vipi na ichukue nafasi kiasi gani. Ndiyo maana barua iliyochapwa kwa mwandiko wako bado unaweza kutafuta neno ndani yake na kulisahihisha, jambo ambalo picha ya karatasi haikupi.

Kuitengeneza si kazi kubwa. Unachapisha karatasi ya visanduku, unajaza herufi moja kila kisanduku, unaiskani na kuipandisha kwenye huduma ya mtandaoni kama Calligraphr. Programu inafuata ukingo wa wino na kuugeuza kuwa nukta na mikunjo, hivyo herufi ukiikuza hata kwa ukubwa wa bango inabaki safi. Tumia kalamu nyeusi yenye ncha nene kidogo. Mimi nilianza na penseli, na herufi zikatoka zimeliwaliwa kama na mchwa.

Kiswahili kwa herufi za Kilatini ni chepesi hapa: zinatosha herufi 26 kubwa, 26 ndogo, tarakimu 10, na alama za uandishi. Hatuna alama juu ya irabu kama Wafaransa. Ila usisahau ritifaa! Mimi niliisahau, nikachapa "ng'ombe", na kompyuta ikaazima alama hiyo kutoka fonti nyingine. Ilikaa pale kama mgeni aliyevaa suti shambani.

Anayeandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama walivyoandika washairi wa Lamu, ana kazi zaidi. Herufi kama be ina maumbo manne: ikiwa peke yake, mwanzoni, katikati na mwishoni mwa neno. Fonti lazima iwe na yote manne, pamoja na kanuni ya kuchagua lipi litokee wapi.

Kanuni za aina hiyo ndizo zinazoweza kuwatenganisha wale pacha wetu pia. Unachora a kadhaa, kisha unaiagiza fonti izizungushe kwa zamu. FontForge, programu ya bure ya kutengeneza fonti, inaruhusu hilo, ingawa kuijua kunataka subira. Mimi niliweka a tatu. Kwenye "wanapatana" ya nne ni ile ya kwanza imerudi, lakini zimeachana vya kutosha, na jicho halishtuki.